Presha ina bosi wake, ngozi ina bosi wake

Juzi asubuhi hapa Moshi ilikuwa ile baridi ya Julai yenyewe, mlima umejifunika wingu mpaka chini, kila mtu mjini kavaa sweta na koti juu yake, nimefungua duka la dawa hata kaunta sijamaliza kufuta akaingia dada mmoja kamshika mama yake mkono. Wametoka Kibosho, bodaboda mpaka lami halafu Hiace, na bibi wa watu anatetemeka kidogo. Dada akaniambia, "Kaka naomba umpime mama, presha imeshuka, hebu mshike mikono." Nikamwamkia bibi shikamoo, nikamshika, kweli bwana, vidole kama vimetoka kwenye friji. Nikambana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikatafuta weee kikaishia kuonyesha vistari viwili tu. Dada ndo akachanganyikiwa kabisa, "Unaona? Damu haifiki!" Nikamkalisha bibi, nikamfunga mkanda wa presha, mashine ikajaa ikapungua ikasoma 148 kwa 86.

Presha iko juu, wala haijashuka popote. Na dada hakunielewa, akaniangalia kama mashine yangu mbovu (kusema ukweli hata mimi nilirudia mkono wa pili, maana mashine za siku hizi nazo).

Hii kitu naiona karibu kila wiki msimu wa baridi. Watu wengi tuna picha moja kichwani kwamba damu ni maji kwenye bomba moja, presha ikiwa kubwa maji yanafika kila mahali na mikono inakuwa ya moto, presha ikishuka mikono inapoa. Picha nzuri ila sio kweli, na sababu iko sehemu ambayo watu hawaifikirii kabisa, shina la ubongo, huku nyuma ya kichwa.

Waliokulia kihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani huku Uchaggani, wanaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Maji yanatoka juu msituni, yanashuka kwa mfereji mmoja, halafu kuna viingilio vya kwenda kwa huyu na kwa yule, na kila kiingilio kinafunguliwa na kufungwa kwa zamu. Wote mkifungua kwa pamoja wa mwisho hapati kitu na ugomvi unaanza hapohapo. Mwili ndo uko hivyo. Mtu mzima ana damu kama lita 5 na moyo ukiwa umetulia unasukuma kama lita 5 kwa dakika, sasa hizo lita 5 zigawane misuli, utumbo, figo, ngozi na ubongo, halafu ubongo wenyewe ndo shamba lililo juu kuliko mfereji, yaani maji yanatakiwa yapande. Haiwezekani kila kiingilio kikawa wazi muda wote. Kwa hiyo vimishipa vidogo vya damu vina misuli midogo ya kubana na kuachia, na inaambiwa cha kufanya na neva zinazoitwa za simpathetiki, ambazo zinatoka kwenye ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, maeneo ya kifuani na juu kidogo ya kiuno.

Nani anaziambia neva hizo? Shika kisogo chako pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani yake hapo kuna kipande cha ubongo kinaitwa medula, urefu wake kama sentimita 3, ndo mwisho wa shina la ubongo kabla haijaanza kamba ya uti wa mgongo. Mwaka 1871 huko Leipzig, Ujerumani, kwenye maabara ya Carl Ludwig, jamaa anaitwa Owsjannikow alikuwa anakata ubongo wa wanyama vipande akianzia juu kushuka chini huku anapima presha. Anakata juu, presha iko palepale. Anashuka, iko palepale. Akifika kwenye milimita chache za huku chini, presha inaporomoka. Kazi ya kikatili sana ukiiwaza leo, lakini ndo ilionyesha kwamba ule ubongo mkubwa wa kuwazia mikopo na ada za watoto hauhitajiki ili presha isimame, kinachohitajika ni kile kipande kidogo cha chini.

Sasa huyo msimamizi hawezi kuongoza mfongo bila kujua maji ni kiasi gani. Kuna sehemu mbili zenye vihisi vya presha, moja kwenye mshipa mkubwa unapotoka kwenye moyo, nyingine shingoni pale ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) inapogawanyika mbili, chini kidogo ya taya, kushoto na kulia. Vihisi hivi havipimi damu yenyewe, vinapima jinsi ukuta wa mshipa unavyovutika. Presha ikipanda ukuta unavutika zaidi, na neva zinapiga kelele zaidi kwenda kwenye medula, kila pigo la moyo ripoti moja.

Hapa ndo pananifurahisha mimi. Mtu angetegemea ripoti ya "presha imeshuka" ndo iwashe kitu. Wapi, iko kinyumenyume. Kuna kundi la seli kwenye medula, upande wa mbele pembeni, wataalamu wanaliita RVLM kwa kifupi, hilo halilali. Muda wote, usiku na mchana, linatuma amri ya "bana, bana, bana" kwenda kwenye uti wa mgongo. Ukiliacha peke yake presha inapaa. Kinachofanywa na vihisi vya shingoni ni kulikanyagia breki, ripoti inaingia kwanza kituo cha mapokezi upande wa nyuma wa medula, inapelekwa kundi la pili, na hilo la pili ndo linalinyamazisha RVLM. Presha ikishuka ripoti zinapungua, breki inaachiwa, RVLM inapaza sauti, mishipa inabana. Wakati huohuo mlango wa pembeni unapeleka amri kwenye moyo kupitia neva ya vegasi, kupunguza au kuongeza kasi. Kwenye miaka ya 1970 watafiti waliwapaka paka dawa ya usingizi tone kidogo tu juu ya uso wa medula upande wa mbele, paka hajakatwa popote hapo, presha ikadondoka karibu sawa na aliyekatwa uti wa mgongo. Tone tu.

Na haya yote ni kwa sekunde. Ukilala halafu ukasimama ghafla, damu kama nusu lita hadi mililita 800 inashuka miguuni na tumboni, ubongo ungetakiwa uzime, ila ndani ya mapigo machache ya moyo mishipa imebanwa na umeshaenda jikoni kuweka chai. Mzee ambaye hii mitambo imechoka, au ametumia dawa fulani za presha, au ameishiwa maji mwilini, akisimama anaona giza. Kama ndani ya dakika 3 za kusimama namba ya juu imeshuka 20 au zaidi, au ya chini imeshuka 10, hilo lina jina lake hospitalini na inabidi aonwe, isiachwe kwamba "ni uzee".

Haya, turudi kwenye mikono ya bibi.

Ngozi nayo ina vimishipa vinavyobanwa na neva za simpathetiki, na hapo zamani watu waliona kama ni amri ileile moja inakwenda kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Claude Bernard kule Ufaransa alishaona ukikata neva ya simpathetiki shingoni kwa sungura, sikio la upande ule linakuwa jekundu na la moto, kwa hiyo ilijulikana kwamba kuna neva inabana sikio muda wote. Ila ilichukua zaidi ya miaka 100 kuona kwamba amri ya ngozi sio ileile ya misuli. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Uppsala nchini Sweden, Hagbarth na Vallbo walijichoma sindano nyembamba za umeme ndani ya neva zao wenyewe wakiwa macho kabisa wakaanza kusikiliza. Njia hiyo ikaendelezwa, na kilichoonekana ni hiki: neva za simpathetiki zinazokwenda kwenye misuli zinapiga kwa kufuata mapigo ya moyo, presha ikishuka kidogo zinalipuka, ikipanda zinanyamaza, zinatii vihisi vya shingoni kabisa. Zinazokwenda kwenye ngozi ya kiganja hazijali mambo hayo ya presha. Zenyewe zinalipuka ukivuta pumzi ndefu ghafla, ukishtuka, mlango ukijibamiza, mtu akikuuliza hesabu ya kichwa, na ukipigwa na baridi.

Yaani kwenye mfongo mmoja kuna wasimamizi wawili. Mmoja anaangalia kina cha maji, mwingine anaangalia hali ya hewa na umbea.

Huyu wa pili anakaa palepale kwenye medula lakini katikati kabisa, kwenye mstari unaogawa kushoto na kulia, unaitwa rafe, na neno lenyewe maana yake ni mshono, kama mshono wa suruali. Seli za hapo zinatuma amri kwenye uti wa mgongo za kubana mishipa ya ngozi, na majirani zao hapohapo wanaamrisha kutetemeka. Bosi wao yuko juu zaidi, kwenye sehemu ya ubongo inaitwa hipothalamasi, ambayo ina seli zinazopima joto la damu. Na hapa tena ni breki! Mwili ukiwa na joto la kutosha, hipothalamasi inaikanyagia rafe breki, ngozi inafunguka. Baridi ikigusa ngozi taarifa inapanda, breki inaachiwa, rafe inapiga kelele, ngozi inafungwa. Viganja, nyayo, pua, midomo na masikio ndo vinaonja zaidi, kwa sababu huko kuna njia za mkato, damu inatoka ateri inaingia veni (mshipa wa kuirudisha kwenye moyo) moja kwa moja bila kupita vimishipa vile vyembamba kabisa, na hizo njia za mkato ndo zinafungwa na kufunguliwa kama geti. Zikifungwa kidole kinapoa chote.

Kwa hiyo bibi alikaa nyuma ya bodaboda upepo wa asubuhi, rafe ikafunga mageti ya vidole ili joto libaki kifuani na tumboni. Mageti yakifungwa damu ile lazima ibaki ndani, mirija imepungua nafasi, presha ikapanda kidogo. Ukimtumbukiza mtu mkono kwenye maji ya barafu dakika moja tu presha inapanda, ni kipimo cha zamani kabisa cha madaktari. Mikono baridi na presha juu ni marafiki wa karibu, sio maadui. Na kile kidude cha kidoleni kinasoma kwa kuangalia damu inavyodunda kidoleni, sasa kama geti limefungwa kitaona nini? Waulize wanaoongoza wageni mlimani, wakifika kambi za juu wakawapima wageni oksijeni kazi ya kwanza ni kumwambia mgeni asugue mikono au aiweke kwapani kwanza, maana huko juu vidole vimefungwa na ukichukua namba ya kidole kilichoganda unaweza kumshusha mlima bure mtu asiye na tatizo, au mbaya zaidi ukazoea kuona namba mbovu ukapuuza ya kweli.

Ukishajua kuna bosi wa ngozi tofauti, mambo mengi ya nyumbani yanajieleza.

Homa ya malaria kwa mfano. Mtoto anaanza kutetemeka, mikono na miguu baridi, mama anamfunika mablanketi matatu, ukimpima mgongo unaungua. Kinachotokea ni kwamba maambukizi yanafanya mwili utengeneze kemikali inaitwa prostaglandini E2, inafika hipothalamasi na kuidanganya kwamba mwili una baridi, breki ya rafe inaachiwa, ngozi inafungwa, misuli inatetemeshwa, joto linapanda kwa makusudi kabisa. Ile mikono baridi ndo njia ya kupandishia homa. Paracetamol inapunguza utengenezaji wa hiyo kemikali, breki inarudi, mageti yanafunguka, mtoto anatoka jasho na viganja vinakuwa vya moto, hapo ndo watu husema "homa imetoka". (Malaria yenyewe haijatoka lakini, mpime.)

Au mbege, pombe yetu ya ndizi. Mtu kakaa kilabuni Marangu jioni ya Julai, yuko kwenye kata ya tatu ya kunywea, anakwambia mbege inaleta joto. Joto analisikia kweli, hadanganyi, maana pombe inafungua mishipa ya ngozi na damu ya moto inajaa usoni na viganjani ambako ndo kuna vihisi vya joto. Ila hilo joto limetoka ndani linapotea hewani. Akilala njiani usiku ule kwenye baridi ni hatari kweli kuliko ambaye hakunywa, na yeye mwenyewe atakuwa wa mwisho kujua.

Na Desemba sasa. Wachagga wote wamerudi, kanisa limejaa mpaka nje, jua kali, kijana kavaa suti ya Dar ya vipande vitatu, amesimama nusu saa ibada haiishi, mara pwaa chini. Hapa ndo mabosi wawili wanagombana. Ngozi ikiwa imetulia inachukua chini ya nusu lita ya damu kwa dakika, kwenye joto kali sana inaweza kuchukua mpaka lita 6 hadi 8. Ongeza damu iliyotuama miguuni kwa kusimama bila kutikisika. Bosi wa presha anabana misuli na utumbo, anaongeza mapigo ya moyo, anajitahidi, na wakati mwingine reflexi, yaani huko kujirekebisha kwa mwili kwenyewe, inageuka ghafla, vegasi inapunguza moyo na mishipa inaachiwa, kijana anazimia. Akianguka amejitibu mwenyewe, kichwa na moyo vimekuwa sawa na damu haihitaji kupanda tena. Halafu wanakuja wajomba wanne wanamnyanyua wanamkalisha kwenye kiti wima wanampepea! Jamani, mwacheni alale, mnyanyueni miguu, mlegezeeni hiyo tai.

Ila msije mkanielewa vibaya, sijasema mikono baridi haina maana. Mtu akitoka damu nyingi, ajali ya pikipiki, mama baada ya kujifungua, au kuharisha sana na kutapika, mabosi wote wawili wanakubaliana, kila kitu kisicho ubongo na moyo kinafungwa. Huyo mikono ni baridi na ina jasho, amepauka, mapigo yanakimbia, anaweza kuwa amechanganyikiwa, na presha kwenye mashine inaweza kuonekana nzuri tu kwa muda kwa sababu RVLM inabana kwa nguvu zake zote. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali sio wa kupimwa dukani kwangu. Tofauti na bibi ni kwamba bibi ana stori inayoeleweka, bodaboda na upepo, na anaongea vizuri ananiuliza mbona naangaliaangalia ukuta.

Kuna dawa zinafanya kazi hapohapo kwenye shina la ubongo. Methildopa, ile mnayoijua akina mama wajawazito wenye presha, inageuzwa ndani ya ubongo kuwa kitu kinachopunguza zile amri za "bana". Ndo maana inaleta usingizi, iko karibu na mitambo ya kuamsha. Amlodipini yenyewe haihusiki na ubongo, inalegeza ukuta wa mshipa moja kwa moja, na ndo maana wengine miguu inavimba. Halafu kuna jambo watu hawapendi kusikia, vihisi vya shingoni vinazoea. Presha ikikaa juu siku nyingi vinaona hiyo ndo kawaida na vinaanza kuilinda, kwa hiyo mtu wa 170 anajisikia vizuri kabisa na siku ya kwanza ya dawa akiwa 140 anajisikia mchovu, anaacha dawa, anasema dawa zimemshusha. Kwa muda mrefu presha inategemea sana figo na chumvi, shina la ubongo ni la kupambana na sekunde na dakika.

Basi bibi tukamkalisha nyuma ya kaunta kwenye jua linaloingia dirishani saa 4, binti akamnunulia chai ya rangi ya tangawizi kwa mama ntilie wa jirani, bibi akaishika kikombe kwa mikono miwili hata hanywi, anajipashia tu. Baada ya kama dakika 20 nikambana kile kidude tena, kikasoma 96 palepale bila kusitasita, na vidole vimekuwa vya kawaida. Presha nikapima mkono uleule, 142 kwa 84. Binti akaangalia namba, akashika mikono ya mama yake, akaangalia namba tena. Nikawaandikia wapime asubuhi na jioni siku saba halafu waende kliniki na karatasi, bibi akauliza kama chai yenyewe inapandisha presha au amalizie.

Nikamwambia amalizie.